Herufi za Skrini Huchorwa, Wanafunzi Wafunzwe

Wahenga walituasa, "Usione vyaelea, vyaundwa." Niliukumbuka usemi huu nilipokuwa nikipitia orodha ya darasa langu hapa Section 58, jijini Nakuru. Jina la mwanafunzi mmoja lilikuwa limekatizwa na kisanduku kitupu mahali palipostahili herufi ũ. Aliyeichapa orodha alinieleza kwamba tarakilishi haiijui herufi hiyo, akaahidi kuweka u ya kawaida. Mtoto mwenyewe hakusema neno.

Wengi wetu tungeyakubali maelezo hayo, na hapo ndipo penye hatari.

Tarakilishi haihifadhi herufi kama tunavyoziona. Huhifadhi nambari. Katika utaratibu wa kimataifa uitwao Unicode, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, A ni 65, ĩ ni 297 na ũ ni 361. Mfumo wa uendeshaji, uwe Windows, Android au Linux, huichukua nambari hiyo na kuitafutia umbo katika fonti, yaani ghala la maumbo ya herufi. Umbo hilo aghalabu huwa ni mistari iliyopindwa kwa kanuni za hesabu. Mfumo hulikuza au kulipunguza kwa kadiri inayotakiwa, kisha hukokotoa ni nukta zipi za skrini zitiwe rangi. Skrini ya nukta 1,366 kwa 768 ina nukta zaidi ya milioni moja, na rangi ya kila nukta hutokana na mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu.

Iwapo fonti iliyochaguliwa haina umbo la nambari 361, mfumo unaweza kulitafuta katika fonti nyingine. Ukilikosa, huchora kile kisanduku kitupu. Kwa hivyo, kisanduku si ushahidi kwamba herufi haipo. Ni ilani kwamba umbo lake halikupatikana. Tiba yake ni kubadilisha fonti, wala si kubadilisha jina la mtoto.

Huenda msomaji akauliza: kialama kidogo juu ya herufi kina uzito gani? Lugha ya Kikuyu ina irabu saba, na ĩ na ũ ni mbili kati ya hizo. Si mapambo. Kiswahili, kinachotosheka na irabu tano, kisigeuzwe kipimo cha lugha za jirani zake. Isitoshe, herufi hizo mbili hutumika pia katika Kivietinamu, na fonti nyingi za leo zinazo. Mara nyingi, basi, tunachokosa ni maarifa, si mitambo.

Katika jambo hili sisi walimu hatuwezi kukwepa lawama. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, aghalabu tunawafunza wanafunzi mahali pa kubonyeza tu, tukawaacha wakiamini kwamba skrini ndiyo hakimu wa mwisho. Mtoto aliyefunzwa hivyo, mashine ikimwonyesha kwamba herufi ya jina lake haipo, ataamini.

Uhaba wa tarakilishi au wa umeme usiwe kisingizio. Mwalimu awaambie wanafunzi wachukue daftari la hesabu lenye miraba, waichore ũ kwa kujaza miraba ndani ya eneo la 8 kwa 8, kisha 16 kwa 16. Watajionea jinsi mviringo unavyogeuka ngazi miraba ikiwa michache, na jinsi rangi hafifu ya penseli katika miraba ya ukingoni inavyoulainisha. Mfumo wa uendeshaji nao huzilainisha kingo za herufi kwa njia iyo hiyo.

Nilimwomba mchapaji aiache ũ mahali pake na abadilishe fonti. Kazi hiyo haikutimiza dakika moja, na jina likatokea kamili. Nawasihi walimu wenzangu wasiidhinishe orodha yoyote ya majina kabla ya kuikagua herufi kwa herufi. Nanyi wanafunzi, mkikiona kisanduku kitupu ndani ya jina lenu, semeni. Mashine imekosa mchoro tu. Jina ni lenu.