Mchezo wa Kujenga Miji, na Mji wa Mpakani

Kompyuta ikiingia nyumbani, aghalabu michezo huitangulia kazi. Wazazi hulalamika, na mara nyingi wana haki. Hata hivyo uko mchezo mmoja, uliotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Sierra ya Marekani, ambao askari wa Rubongi au polisi wa Busia aliyemaliza zamu aweza kuucheza pamoja na watoto wake bila kuona haya. Jina lake ni Emperor: Rise of the Middle Kingdom. Vita vimo, lakini kazi yake hasa si kupiga risasi. Ni kujenga mji katika Uchina ya kale na kuulisha.

Mchezaji hupewa uwanja mtupu wenye mto na msitu, katika zama mojawapo tangu ukoo wa Xia hadi ukoo wa Song, muda wa miaka ipatayo elfu tatu. Huchora barabara na kupima viwanja, nao wahamiaji huja wenyewe na mizigo yao. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa nyumba haikui kwa amri. Hukua pale mchota maji anapopita mbele ya mlango, kisha mwuza chakula, kisha mwuza katani na vyombo vya udongo, kisha tabibu wa mitishamba. Asipopita mkaguzi, nyumba huwaka moto au huporomoka. Asipopita mlinzi, wezi huongezeka. Chakula nacho kina daraja: mji unaokula nafaka peke yake hubaki duni, na hauinuki mpaka upate samaki, kabeji, maharage na chumvi. Mama aliyejaribu kuwalea watoto kwa posho tupu hatahitaji maelezo zaidi.

Jambo linalowashinda wengi ni vizuizi. Mchezaji huruhusiwa kuweka kizuizi barabarani ili mtumishi azungukaye asipotelee mbali na mtaa wake. Kikiwekwa mahali pafaapo, maji na chakula huwarudia wenye haja. Kikiwekwa pasipofaa, mtaa mzima ulio nyuma yake hukauka, na mchezaji hubaki akistaajabu kwa nini watu wanahama ilhali ghala limejaa.

Miji ya Uchina yenyewe ilikuwa na malango mengi. Chang'an, mji mkuu wa ukoo wa Tang, uligawanywa katika mitaa zaidi ya mia moja, kila mmoja ukiwa na ukuta wake na milango iliyofungwa jioni kwa mlio wa ngoma. Aliyekutwa njiani usiku pasipo ruhusa alikamatwa na doria. Lakini kulipokucha milango ilifunguliwa, na masoko mawili, la mashariki na la magharibi, yakapokea wafanyabiashara hata kutoka Uajemi. Lango lilikuwa na saa zake za kufungwa na saa zake za kufunguliwa.

Mkazi wa Busia anaishi ndani ya habari hiyo kila siku. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na leo Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Mji ukakua ukiwa na malango mawili, na kati ya lango na lango palikuwa na mwendo wa kumchosha mwenye mzigo. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli wakaanza kuwavusha watu, na kutokana nao likazaliwa jina la boda boda, ambalo sasa hutumika hata katika miji isiyo na mpaka wowote. Hao ndio wachukuzi wa mchezo, ila wa Busia hawakungoja mtu awachoree barabara.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambako msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Miaka miwili baadaye ikaja korona. Mnamo Machi 2020 Uganda iliwafungia mipaka wasafiri ikawaachia njia madereva wa mizigo. Nao walipoanza kupimwa, foleni za malori zikanyoka kilometa nyingi kutoka Busia na kutoka Malaba, wilayani Tororo. Kisha tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikayakataza mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu iharibuyo ini. Siku chache baadaye katazo likaondolewa, yakawekwa masharti: mwenye kuingiza mahindi asajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha kupimwa.

Hapa mchezo una la kumfundisha mtu mzima. Ndani yake mkaguzi na kizuizi ni vitu viwili mbalimbali, na mchezaji anayetumia kimoja mahali pa kingine huuharibu mji wake. Sumu ile ni ya kweli na kupima ni haki. Lakini lango linalopima humnyima njia mwenye mahindi mabovu peke yake, na lango lililofungwa humwadhibu pamoja naye mjane aliyeanika magunia yake matatu kwa uangalifu, juu ya turubai wala si juu ya udongo, akayaweka ghalani yakiwa yamekauka barabara. Wenye zamu langoni wanaijua tofauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndio wanaotazamana na mjane huyo uso kwa uso.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, hivyo hautaki kompyuta ya bei kubwa. Saa moja jioni, baada ya masomo, yatosha. Mtoto wa darasa la sita na aanze na zama za Xia, zilizo nyepesi. Ukuta Mkuu na kaburi la mfalme wa Qin vimngoje mpaka ajue kwanza kuwafikishia watu maji.