Kompyuta haitukani, sisi je?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze jambo lililotokea kwenye darasa letu la kompyuta, maana limetuuma.

Kama mnavyojua, sisi walimu wa kujitolea tumemaliza sekondari hapahapa kambini, na kompyuta yenyewe tunajifunza huku tunafundisha. Mashine ni chache, wanafunzi watatu wanakaa kwenye moja. Siku moja akaja mama mmoja, mtu mzima, anataka ajue kuandika barua pepe ili awapate ndugu zake waliotawanyika. Akashika kipanya, akakinyanyua juu, akakielekeza kwenye kioo kama rimoti. Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Weye mama, huo si mwiko wa ugali!" Na sisi walimu, tuseme ukweli, tulicheka. Kesho yake mama hakuja. Wiki ikaisha, hakuja.

Basi tukajiuliza: kompyuta yenyewe ikikosewa inafanya nini? Ukiandika programu vibaya, mara nyingi inakuonyesha kuna kosa, tena inakutajia mstari. Haikuiti mjinga wala haikutangazi mtaani. Inangoja urekebishe. Ukose mara hamsini, ya hamsini na moja itakupokea vilevile.

Hata mabingwa wa kazi hii walihangaika. Mwaka 1947 kule Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walitafuta kwa nini mashine yao kubwa inasumbua. Kumbe mdudu, nondo, amenasa ndani! Wakamtoa, wakambandika kwenye daftari la kazi, wakaandika walichokiona, kazi ikaendelea. Ndivyo mtu anavyosoma: kosa linaandikwa, linarekebishwa, tunasonga mbele.

Wengine wanasema kompyuta ni ya wanaojua Kiingereza au Kifaransa. Si kweli. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, yote kwa Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitengeneza. Faili, hifadhi, nakili, bandika, futa: maneno hayo mama yeyote anayaelewa akielezwa polepole. Kinachomshinda si lugha, ni kicheko chetu.

Vijana wenzetu, kwenye kompyuta kuna vibonye viwili, Ctrl na Z. Ukivibonya pamoja, ulichokosea kinarudi kama kilivyokuwa. Ulimi hauna kibonye hicho. Ndo maana wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jumapili tulikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa. Akatuambia, "Wanangu, kukosea sikuogopa. Nimekosea mengi njiani mpaka nikafika hapa. Lakini kuchekwa na watoto wa umri wa wanangu, mbele ya mwalimu, na mwalimu naye anacheka!" Tukainamisha vichwa. Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tumepatana hivi darasani. Mtu mzima tutamwita mama au baba, si "weye". Tutasema "naomba nikuonyeshe," si "toa mkono." Mwanafunzi akikosea, jirani yake atamsaidia kwa sauti ndogo. Na mwalimu akicheka, mwanafunzi yeyote, hata mdogo, ana ruhusa ya kumkumbusha.

Wazazi, tunaomba mje. Kuuliza si ujinga, na sisi wenyewe bado tunauliza kila siku.

Yule mama hakutuahidi kurudi. Alisema atafikiri. Kiti chake, cha pili kutoka mlangoni, tumekiacha wazi, na vijana wamekubali asikikalie mtu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, darasa la kompyuta.