Kidonge cha haraka hakiponyeshi malaria

Katika soko la Kadutu mjini Bukavu, au kule Birere mjini Goma, mtu mwenye kuumwa kichwa hakosi dawa. Anamwambia muuzaji: « Nipe kinini ya kichwa, ile ya haraka. » Mkasi unakata vidonge viwili kwenye plaketi, faranga zinatolewa, maji yanatafutwa. Baada ya nusu saa au saa moja maumivu yanapungua, na mama anarudi kwenye meza yake ya samaki.

Hakuna wa kumlaumu. Siku bila biashara ni siku bila chakula nyumbani, na parasetamoli, ikitumiwa vizuri, ni dawa nzuri. Taabu ni kwamba hiyo haraka imefuta swali ambalo muuzaji angepaswa kuuliza: una homa?

Mashariki mwa Kongo, malaria mara nyingi inaanza na kichwa. Parasetamoli inashusha homa na kutuliza kichwa, lakini haiui hata kijidudu kimoja cha malaria. Mgonjwa anajiona amepona, anameza tena kesho yake, na siku ya tatu anabebwa kwa pikipiki hadi hopitali. Kwa mtoto mdogo, siku hizo mbili tatu zinatosha kumuua. Na kipimo cha tone la damu ya kidoleni kinatoa jibu kwa dakika 15 au 20 hivi, yaani mbele hata ya kidonge kuanza kutuliza.

Kuna pia ule mkasi. Plaketi ikikatwa, jina la dawa na tarehe ya mwisho vinapotea. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani. Mwenye kuvimeza pamoja na vya kichwa anadhani amekunywa dawa mbili, kumbe ni moja mara mbili. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, sawa na vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ini linaweza kuharibika, tena bila kuuma mwanzoni. Na mwenye kumeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kumletea maumivu ya kichwa. Wengi wanacheka wakiambiwa hivyo.

Wakubwa wa zoni za afya wanayajua haya. Kuwafukuza wachuuzi hakusaidii, jioni watarudi. Afadhali wawafundishe kuuliza juu ya homa, kuacha jina la dawa kwenye kipande wanachouza, na kumtuma mwenye homa kwenye kituo cha afya siku ileile.