Uza kinywaji, usiuze tiba



Siku hizi gulio halikosi meza ya majani yaliyokaushwa: mchaichai, rozela (wengine huiita choya), mlonge, tangawizi ya unga. Ni jambo jema, maana kilichokuwa kinaota pembeni mwa bustani sasa kinalipa ada ya mtoto. Kinachonisumbua ni maandishi ya kwenye pakiti: "Inatibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume." Pakiti moja, magonjwa manne! Msimamo wangu ni kwamba maandishi hayo yaondolewe, kwa usalama wa mteja na wa biashara yako.

Tuangalie kilichomo. Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja. Jani la chai nyeusi huachwa lipigwe na hewa mpaka libadilike rangi ndipo likaushwe. La kijani hupashwa moto mapema lisibadilike. Zote zina kafeini inayochangamsha mwili na tanini inayoleta ule ukakasi mdomoni. Tanini hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, mwili ukapata kidogo. Kwa hiyo mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na chakula. Wasubiri saa moja au mbili.

Mchaichai hauna kafeini, hivyo unafaa hata usiku. Harufu yake ya limau inatokana na mafuta yaitwayo sitrali. Rozela nayo haina kafeini. Ina tindikali za asili na rangi nyekundu iitwayo anthosiani. Tafiti zimeonyesha kwamba rozela inaweza kushusha presha kidogo. Shika hilo neno: kidogo. Mgonjwa akisoma "inatibu presha", anaweza kuacha vidonge vyake, presha ikapanda kimyakimya mpaka apate kiharusi. Mwingine atatumia vyote viwili kwa wingi, presha ishuke mno, aanze kusikia kizunguzungu. Na kwa kuwa rozela ni chachu, wengi huijaza sukari. Halafu tunamwambia mwenye kisukari ni dawa yake?

Utasema, "Mbona wazee wetu walijitibu kwa majani haya?" Ni kweli. Lakini mganga alimjua mgonjwa wake, alimpimia kiasi na alimfuatilia. Wewe unamuuzia abiria aliye dirishani mwa basi. Hujui anatumia dawa gani wala kama ana mimba.

Kuna pia suala la sheria. Hapa Tanzania tiba asili ina baraza lake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Usalama wa vyakula na vinywaji uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Ukiandika "inatibu", umeitoa bidhaa yako kwenye kinywaji na kuiingiza kwenye dawa, na dawa hudai uthibitisho ambao huna.

Basi uandike nini? Andika jina la mmea, uzito, tarehe ya kufungasha, mwisho wa matumizi na namna ya kuandaa: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika tano, chuja. Kisha weka nguvu kwenye ubora. Vuna asubuhi umande ukishakauka, osha kwa maji safi, kausha kivulini juu ya kichanja mpaka jani livunjike likikunjwa. Jani lenye unyevu likifungwa huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumu. Ukihitaji mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, fika ofisi ya SIDO ya mkoa wako.

Ladha nzuri na usafi ndivyo vinavyomrudisha mteja wiki ijayo. Akikuuliza, "Hii inatibu presha?" mjibu hivi: "Ni kinywaji kizuri, lakini vidonge vyako usiache, na ukienda zahanati mwambie mhudumu kwamba unakunywa hii." Huenda siku hiyo ukauza pakiti moja badala ya tatu. Lakini huyo mteja atakuamini, na atakuwa hai kununua tena.