Mlenda si chakula cha kuonea haya

Leo baada ya Swala ya Ijumaa nyumba nyingi za Ipuli zitatandika sinia la pilau ya nyama. Sinia hilo hatuligombi. Tunachokigomba ni aibu iliyoingia majumbani mwetu hapa Tabora, hata mgeni akiandaliwa ugali wa dona kwa mlenda na kunde huonekana amedharauliwa, na matobolwa yakawa chakula cha kuliwa kwa kujificha.

Tabibu Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, aliona jambo la ajabu. Saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiua watu wengi Uingereza, ilikuwa adimu katika hospitali za Afrika. Mwaka 1971 alieleza kuwa siri imo katika nyuzinyuzi za chakula. Hizo hushika maji, hulainisha choo na kukipitisha upesi, vitu vyenye madhara visipate kukaa sana utumboni.

Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini, kila kundi likala cha mwenzake. Kwa wiki mbili tu, dalili za hatari utumboni zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika. Wiki mbili! Mwaka huohuo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa soseji na nyama nyingine za kusindikwa husababisha saratani hii. Kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 18.

Nasi twafanya nini? Twalipa mashineni mahindi yakobolewe, sembe iwe nyeupe pe, kisha pumba twawapa kuku. Kwa nyuzinyuzi, kuku wetu wanakula vizuri kuliko watoto wetu.

Hatusemi kwamba mlenda ni kinga kamili. Wapo waliokula vyema wakaugua, na maradhi haya hufuata pia baadhi ya koo. Kwa hiyo mzee anayeona damu chooni, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa huku akikonda, asinyamaze kwa haya akijipa moyo kuwa ni bawasiri. Mwili ni amana. Aende hospitali mapema, na kijana wake amsindikize.