Mwembe wa Pwani, maji ya Elwak

Juzi rafiki yangu anayeishi Elwak alinipigia simu kwa hasira. "Bwana we, watu wa Pwani mumetuuzia kuni!" Mwaka jana alinunua miche 40 ya maembe ya apple kutoka kitalu kimoja huku kwetu, akaipakia kwenye lori hadi Mandera Kusini. Ilifika mizima. Leo imebaki saba. Yeye asema waliopandikiza hawakujua kazi.

Nilimuuliza: ilikufa vipi? Akanambia majani yaliungua ncha na kingo, kisha yakapukutika. Na pale kikonyo kilipoungwa? Pazima, hapana uvimbe wala ufa. Hapo nikajua mshtakiwa si yule mwenye kisu.

Ndugu msomaji, mche wa kupandikizwa ni miti miwili katika mwili mmoja. Chini ni mche ulioota kwa kokwa, wenye mizizi. Juu ni kikonyo kilichokatwa kutoka kwa mwembe unaosifika kwa tunda lake. Utando wa kijani ulio chini ya gome ukigusana sawasawa, viwili hivi hushikana kwa wiki chache. Faida yake twaijua: mwembe wa kokwa waweza kukuweka miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, wa kupandikizwa huanza mwaka wa 3 au wa 4.

Embe kwa embe kwa kawaida huelewana. Apple, Ngowe, Kent, zote hushika juu ya karibu mche wowote wa mwembe. Zikikataana, utaona uvimbe kwenye ungio, au upepo utauvunja mti papo hapo kama uliokatwa kwa msumeno. Lakini kuna maelewano ya pili ambayo wauzaji hawayataji: ya mche wa chini na udongo na maji utakaokutana nayo.

Elwak haina mto. Garissa ina Tana, Mandera mjini ina Daua. Elwak ina visima, na ndivyo vilivyoipa jina. Mvua haifiki milimita 400 kwa mwaka. Ardhi ina jasi na chokaa, na maji ya visima vingi vya ukanda ule yana chumvi. Mwembe hauipendi chumvi, na dalili yake ya kwanza ni hiyo ya majani kuungua kingo. Mizizi ndiyo hunywa, si kikonyo. Kule Israel wakulima walikutana na tatizo hili hili, wakachagua mche wa chini waliouita 13-1 kwa kuwa wastahimili chumvi na chokaa. Sisi huokota kokwa lolote sokoni, tukaliotesha kwa maji matamu ya Pwani, kisha tukampelekea mtu wa Elwak.

Jambo hili si dogo. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, na familia nyingi za Kaskazini Mashariki zilizokuwa zikitegemea ngamia na mbuzi sasa zajaribu shamba. Serikali nayo yataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na miti ya matunda imo. Lakini tukihesabu miche iliyogawiwa badala ya iliyoishi, tutakuwa twajidanganya. Mtu aliyepoteza mbuzi, akauza wawili waliobaki kununua miche, hana cha kuuza mara ya tatu.

Kwa maoni yangu, tusafirishe vikonyo, si miche. Mkulima wa Elwak aoteshe makokwa palepale shambani, kwa udongo wake na maji ya kisima chake. Bora yatoke kwa mwembe mkongwe unaostawi mahali penye udongo kama wake. Miche itakayodhoofika na iende. Itakayosimama ndiyo ipandikizwe. Vikonyo vikifungwa kwa kitambaa chenye unyevu vyaweza kusafiri siku chache. Tena mzizi mkuu haujapindwa na mfuko, hivyo utashuka chini kutafuta maji.

Kabla ya hayo yote, maji yapimwe. Chumvi ikizidi, hakuna mche wa chini utakaookoa mwembe. Hapo afadhali mtende.

Na wenye vitalu wa huku kwetu: kila mche uwe na kibandiko kinachotaja si jina la embe pekee, bali pia kokwa lilitoka wapi. Wakaguzi wa KEPHIS walitake hilo. Dini yetu imetufunza kuwa muuzaji akiijua aibu ya bidhaa akanyamaza, hiyo ni ghushi. Asiyeijua ana udhuru wa mara moja tu.

Rafiki yangu nimemwambia asiing'oe ile saba. Imekunywa maji ya Elwak mwaka mzima na ingali hai.