Mazungumzo ya Jamaa: Nishani ya Mzee na Karatasi Zake

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuitumia kwa habari za duka, ng'ombe na mazao. Leo nataka tuitumie kwa jambo jingine, nalo ni heshima ya mtu aliyekwenda vitani. Heshima nayo ni mali. Isipoandikwa, au ikiandikwa vibaya, hupotea kama fedha ya chamani isiyo na daftari.

Katika nyumba kadha wa kadha za Afrika ya Mashariki limo sanduku la bati, na ndani yake nyota ya shaba yenye utepe uliofifia. Ukiuliza, utaambiwa: "Ni ya babu, alikuwa Keya." Ukiuliza tena, alipigana wapi, namba yake ya askari ilikuwa ipi, kikosi chake kipi, hapo watu hutazamana. Na katika nyumba nyingine mambo ni kinyume chake. Mzee alisimulia habari za Burma mpaka siku ya kufa kwake, lakini nishani hakuacha hata moja, na majirani wanong'ona kwamba labda hakwenda. Je, nani atasema kweli? Karatasi ndiyo itakayosema, kama ipo, na kama karani aliandika sawasawa.

Sikilizeni habari za mtu mmoja, mpate kuona jinsi kalamu iwezavyo kumdhulumu shujaa.

Henry Johnson alikuwa Mmarekani mweusi, mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya gari la moshi ya mji wa Albany, jimbo la New York. Mwaka 1917 aliandikwa askari katika kikosi cha watu weusi, ambacho baadaye kiliitwa Kikosi cha 369. Siku zile jeshi la Marekani lilibagua watu kwa rangi, basi kikosi hicho kilipofika Ufaransa kiliwekwa chini ya amri ya Wafaransa. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei 1918, Johnson na mwenziwe Needham Roberts walikuwa zamu ya ulinzi katika nchi ya Argonne. Wajerumani zaidi ya kumi wakawajia gizani. Roberts akajeruhiwa vibaya. Johnson akatupa mabomu ya mkono. Yalipokwisha akapiga bunduki. Bunduki ilipokwama akaigeuza kuwa rungu. Na rungu lilipovunjika akachomoa kisu. Adui walikuwa wamekwisha kumshika Roberts wamchukue mateka, naye akamwokoa mikononi mwao. Kulipokucha, Johnson alikuwa na majeraha 21.

Wafaransa hawakukawia. Walimpa Croix de Guerre, yaani Msalaba wa Vita, nishani yao ya ushujaa. Februari 1919 kikosi chake kilipita katika barabara za New York kwa gwaride, na watu wakamshangilia. Lakini tazameni sasa. Karatasi yake ya kuachishwa jeshi haikutaja majeraha yale. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa-vunjwa, na karatasi haikusema neno. Mtu wa namna hiyo akienda ofisini kusema, "Niliumia vitani," karani atasoma nini? Atasoma karatasi, wala hatatazama mguu.

Johnson alikufa mwaka 1929, angali kijana wa miaka thelathini na kitu, na nchi yake mwenyewe haikuwa imempa nishani hata moja ya ushujaa. Hata kaburi lake lilisahauliwa. Waliomkumbuka walidhani alizikwa kimaskini huko Albany, mpaka miaka ya 2000 ilipoanza, ndipo ilipogunduliwa kwamba alizikwa Arlington, katika makaburi ya heshima ya askari wa Marekani.

Wenye kumpenda hawakukata tamaa. Mwaka 1996 alipewa Purple Heart, nishani wanayopewa askari waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Waliendelea kupekua majalada, na katika ofisi ya seneta Chuck Schumer wa New York mtumishi mmoja akapata taarifa ya Jemadari Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, iliyoandikwa siku chache tu baada ya pigano lile. Karatasi hiyo ilikuwa ushahidi wa siku zile zile, kutoka kwa mkubwa wa siku zile zile. Bunge likaondoa kizuizi cha muda uliopita, na tarehe 2 Juni 2015 Rais Obama akamtunukia Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote katika nchi ile. Miaka 97 ilikuwa imepita. Aliyepokea nishani hiyo alikuwa sajenti wa jeshi la New York, si mtoto wala mjukuu.

Labda mtaniuliza: Je, Wamarekani hawana njia ya kusahihisha makosa ya namna hii? Njia wanayo. Zamani askari aliyeandikwa vibaya alilazimika kumwomba mbunge atunge sheria kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1946 Bunge likaona kazi hiyo imezidi, likatoa amri ziwepo halmashauri za raia, si za askari, zenye uwezo wa kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Mwenye shida hujaza fomu namba 149, naye hueleza kosa ni nini na kwa nini ni kosa, na huambatisha ushahidi. Kama askari amekufa, mrithi wake anaweza kuomba. Muda uliowekwa ni miaka mitatu tangu kosa lilipojulikana, lakini halmashauri ina ruhusa ya kuusamehe ikiona haki yadai hivyo.

Tena si lazima kila kosa lifike kwenye halmashauri. Ikiwa nishani ilistahili kabisa, ila karani aliisahau, mara nyingi yatosha kuandika kwenye ofisi inayotunza majalada, nao hutoa karatasi ya sahihisho na kuiunganisha na cheti cha kwanza. Hawakifuti cheti kile. Huongeza karatasi inayosema: hapa palikosewa, na kweli ni hii.

Lakini shikeni neno hili moja. Halmashauri huanza kwa kuamini kwamba karatasi ya zamani ni sahihi. Kazi ya kuonyesha kosa ni ya mwombaji. Kusema "kila mtu anajua" hakutoshi.

Kisha litazameni balaa lililowapata. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulishika jumba la majalada ya askari karibu na mji wa St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, nayo hayakuwa na nakala. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa jeshi kati ya 1912 na 1960, sehemu 80 katika kila 100 zilikuwa majivu. Je, watu hao walikosa haki yao? Wengi walisaidiwa kwa karatasi nyingine: hati za mishahara, daftari za kila siku za vikosi, vyeti vya hospitali, na zaidi ya yote, vyeti vile askari wenyewe walivyoviweka nyumbani. Fikirini neno hilo. Serikali yenye nguvu ilipoteza jalada, na mama mmoja kijijini, aliyefunga cheti cha mumewe katika kitambaa, hakupoteza.

Sasa turudi kwetu. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana Ethiopia na Somalia, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipenya bonde la Kabaw huko Burma, katikati ya mvua na malaria, mpaka mto Chindwin. Waliotumika Burma walistahili Nyota ya Burma. Waliotumika Ethiopia na Somalia wakati wa vita walistahili Nyota ya Afrika. Na askari aliyetumika siku 28 tu tayari alistahili Medali ya Vita. Lakini vita vilipokwisha, watu waliachishwa haraka haraka, kila mmoja akashika njia ya kwao, na nishani hazikumfuata kila mtu kijijini kwake.

Zaidi ya hayo, nyota za vita hiyo zilizotolewa na Uingereza hazikuchorwa jina la askari. Kwa hiyo nyota iliyomo sandukuni peke yake ni bubu. Yaweza kuwa ya babu, yaweza kuwa ya rafiki yake, yaweza kuwa ilinunuliwa sokoni. Karatasi ndiyo ulimi wake.

Tena si kila nishani isiyokuwapo ni kosa. Vita vya Madagaska, mathalan, havikuhesabiwa katika Nyota ya Afrika. Basi kabla ya kulalamika, ijueni kwanza sheria ya nishani. Kudai kisichokuwa chako ni kuwaaibisha wanaodai kilicho chao. Idi Amin wa Uganda alijigamba kwamba alipigana Burma, akajaza kifua nishani. Majalada yaonyesha kwamba aliingia Keya mwaka 1946, vita ikiwa imekwisha. Karatasi humwinua mkweli, nayo humshusha mwongo.

Na waliokwenda Vita Kuu ya Kwanza wakiwa wapagazi je? Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi chao. Maelfu kwa maelfu walibeba mizigo ya jeshi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, na majina yao hayakuandikwa kaburini. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi mbele ya Bunge. Msamaha ni neno jema; lakini jina ambalo halikuandikwa popote, nani atalirudisha?

Kwa hiyo, wazazi na vijana, nawapa mashauri machache.

Kwanza, fungueni sanduku. Tafuteni cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha mshahara, barua, picha yenye sare. Msitupe hata kipande kilicholiwa na mchwa. Namba ya askari ni bora kuliko jina, kwa sababu majina yalibadilika: huku aliitwa kwa jina la ukoo, kule kwa jina la ubatizo, na karani wa kigeni aliandika kama alivyosikia. Kama majina hayalingani, daftari ya ubatizo ya parokia yaweza kuonyesha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Pili, andikeni masimulizi ya wazee wangali hai. Waliofika Burma na kubaki leo ni wachache mno. Lakini wapo wajane, wapo watoto wao walio wazee sasa. Andikeni tarehe ya siku mliyosimuliwa, jina la msimulizi, kikosi, mahali, na majina ya wenzake. Msiongeze chumvi. Ushahidi ulioongezwa chumvi huoza kwanza.

Tatu, mkiandika barua ya kuomba sahihisho kwa ofisi yo yote, semeni jambo moja kwa ufupi: nani, namba gani, kosa lipi, ushahidi upi. Pelekeni nakala. Karatasi ya asili ibaki nyumbani. Na barua mliyoiandika iwekeni nakala yake pia.

Nne, jihadharini na mtu apitaye kijijini akisema, "Nipeni fedha na cheti cha mzee, nitawaletea mamilioni ya Waingereza." Nishani ni heshima, si hundi. Akiondoka na cheti, ameondoka na ushahidi wenu wote.

Labda kijana mmoja atasema: "Babu amekwisha kufa, nishani itamsaidia nini?" Mwanangu, vita ile haikuwa ya kwetu, na wengi hawakuulizwa kama wataka kwenda. Lakini mguu uliovunjika ulikuwa wake, na mwenzake aliyemwacha katika tope la Kabaw alikuwa ndugu yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtu ni kwamba habari zake zisemwe kama zilivyokuwa, bila kupunguza na bila kuongeza.

Jioni ya leo, baada ya chakula, mwulizeni bibi sanduku liko wapi. Chukueni kalamu na daftari ya shule, mwandike. Kwaherini mpaka juma lijalo.